Moshi wa Dandora na haki ya mkazi wa Komarock: Katiba yasema nini?

UPEPO unapogeuka na kuvuma kutoka upande wa Dandora, wenyeji wa Komarock hutambua bila kuambiwa. Nguo huanuliwa kambani kabla hazijakauka, madirisha hufungwa, na watoto wanaocheza nje huitwa ndani. Harufu ya plastiki inayoungua huingia sebuleni hata kwa mtu ambaye hajawahi kuliona jaa lenyewe kwa macho yake.

Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi, ulio kando ya barabara ya Kangundo, ulijengwa kwa ajili ya watu wa kipato cha wastani. Wengi wao walinunua nyumba kwa mikopo iliyowachukua miaka mingi kulipa. Hati ya umiliki huonyesha mipaka ya ploti, lakini haitaji hewa inayopita juu ya ploti hiyo wala mto unaopita jirani yake.

Je, hewa hiyo ni mali ya nani? Ikichafuliwa, mwenyeji aende wapi, adai nini, na kwa msingi wa sheria ipi? Maswali haya yana majibu, na majibu hayo yamebadilika sana katika muda usiozidi miaka 40. Makala haya yanajaribu kuyaeleza kwa kufuata safari ya sheria yenyewe, kutoka siku ambazo mwananchi aliambiwa mahakamani kwamba mazingira hayamhusu, hadi leo ambapo Katiba inampa idhini ya kushtaki hata kabla hajaugua.

Jaa lililojaa

Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970. Liko katika eneo la takriban ekari 30, ukingoni mwa mto Nairobi, katikati ya mitaa ya Dandora na Korogocho, na kilomita chache tu kutoka Komarock. Kufikia mwaka 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, malori hayakuacha kuja.

Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake makuu Gigiri mjini humu humu, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kuhusu jaa hilo. Watoto na vijana 328 wenye umri wa kati ya miaka 2 na 18, waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa, walipimwa. Takriban nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mikrogramu 10 kwa kila desilita, ambacho ndicho kilichokuwa mpaka uliotambuliwa kimataifa wakati huo. Asilimia 42 ya sampuli za udongo zilikuwa na risasi karibu mara 10 zaidi ya udongo ambao haujachafuliwa.

Risasi si sumu ya kuua papo hapo. Huingia mwilini polepole kupitia vumbi, moshi, maji na chakula, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto unaoendelea kukua. Ndiyo maana mzazi anaweza kuishi na hatari hiyo kwa miaka bila kuiona, kisha akaja kuiona kwenye ripoti ya masomo ya mwanawe bila kujua ilikotoka.

Mto nao una safari yake. Maji yanayopita chini ya jaa huelekea Njiru na Ruai, huungana na mto Athi, na hatimaye, kwa jina la Galana na kisha Sabaki, humwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Takataka iliyotupwa Eastlands basi ni jambo la mkulima wa Machakos na la mvuvi wa pwani pia.

"Limekudhuru nini wewe?"

Kwa miaka mingi, kikwazo kikubwa cha mwananchi hakikuwa kukosa ushahidi. Kilikuwa mlango wa mahakama wenyewe.

Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilipanga kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, katikati ya jiji. Hayati Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba mradi huo uzuiwe. Mnamo Desemba mwaka huo, Jaji Norbury Dugdale aliitupilia mbali kesi yake. Sababu ilikuwa kwamba Profesa Maathai hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko wakazi wengine wa Nairobi. Kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, mwenye mamlaka ya kushtaki kwa niaba ya umma alikuwa Mwanasheria Mkuu, yaani mshauri wa serikali ile ile iliyokuwa ikilalamikiwa.

Jumba hilo halikujengwa hatimaye, kwani makelele ya wananchi na kusita kwa wafadhili wa kigeni kulifanya kazi ambayo mahakama iliikataa. Lakini kanuni ilibaki. Mtu wa Komarock angelifika mahakamani miaka hiyo kulalamikia moshi, angeulizwa swali hilo hilo: moshi huu umekudhuru nini wewe, ambacho haukumdhuru jirani yako? Na kwa kuwa moshi huwadhuru wote kwa pamoja, hapangekuwa na mtu wa kusikizwa. Kadiri madhara yalivyowafikia watu wengi zaidi, ndivyo ilivyokuwa vigumu kumpata wa kuyalalamikia.

Kiserian, 2006

Mabadiliko yalianza na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000 na ambayo wengi huijua kwa herufi EMCA. Sheria hiyo ndiyo iliyoiunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Kifungu chake cha 3 kilitamka kwamba kila mtu nchini Kenya ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na kikamruhusu mwananchi kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba ameumia yeye mwenyewe.

Hata hivyo, ilikuwa sheria ya kawaida tu, na sheria ya kawaida hupita chini ya Katiba. Katiba ya wakati huo haikuwa na neno lolote kuhusu haki ya mazingira.

Machi 2006, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Joseph Nyamu, Mohamed Ibrahim na Mathew Emukule, waliamua kesi ya Peter Waweru dhidi ya Jamhuri. Wenye majumba katika mji mdogo wa Kiserian, kusini mwa Nairobi, walikuwa wameshtakiwa chini ya Sheria ya Afya ya Umma kwa madai ya kuachilia majitaka yatiririke ovyo. Mahakama iliyafuta mashtaka hayo, ikisema wamiliki hao walibaguliwa. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisema kwamba haki ya uhai, iliyokuwa katika kifungu cha 71 cha Katiba ya zamani, haiwezi kuwa na maana endapo mtu analazimika kuishi ndani ya uchafu. Uhai unahitaji maji safi na hewa safi.

Katika hukumu hiyo mna misingi minne ambayo kila mkazi wa mtaa wenye tatizo la uchafuzi anafaa kuijua. Wa kwanza ni maendeleo endelevu: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho uwezo wa kujikimu. Wa pili ni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Wa tatu ni kwamba serikali hushika mito, ardhi ya umma na hewa kama mdhamini wa wananchi, si kama mmiliki. Wa nne ni haki kati ya vizazi, kwamba mjukuu ambaye hajazaliwa ana fungu lake katika mto wa leo.

Misingi hii haikubuniwa Kiserian. Ilikuwa imejadiliwa katika mikutano ya kimataifa ya Stockholm mwaka 1972 na Rio de Janeiro mwaka 1992. Kilichofanywa na majaji hao watatu ni kuileta hadi kwenye mtaro wa majitaka wa mji wa Kenya.

Katiba ya 2010

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilimaliza ubishi. Vifungu vyake kuhusu jambo hili si vingi, na mtu anaweza kuvisoma vyote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, ikiwemo haki ya mazingira hayo kulindwa kwa manufaa ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kifungu hiki kimo ndani ya Sheria ya Haki, sura ile ile inayolinda uhai na uhuru wa kusema. Kwa hiyo hewa safi si fadhila ya serikali wala ahadi ya kampeni.

Kifungu cha 69 kinaorodhesha wajibu wa Serikali: kuondoa shughuli zinazoweza kuhatarisha mazingira, kuhimiza umma kushiriki katika usimamizi wake, na kuweka mifumo ya kutathmini athari za miradi. Sehemu ya pili ya kifungu hicho, ambayo husomwa kwa nadra, inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na Serikali katika kuyalinda mazingira. Tutairejelea sehemu hiyo.

Kifungu cha 70 ndicho upanga wenyewe. Mtu akidai kwamba haki yake ya mazingira imekiukwa, au inaelekea kukiukwa, anaweza kwenda mahakamani. Mahakama inaweza kuzuia au kusimamisha kitendo kinachodhuru mazingira, kumlazimisha afisa wa umma achukue hatua, au kuamuru fidia ilipwe. Kisha kinaongeza sentensi iliyozika hukumu ya 1989: mlalamishi hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia.

Maana yake kwa Komarock ni hii. Mama mwenye mtoto anayekohoa anaweza kushtaki. Jirani yake asiye na mtoto, na ambaye hajakohoa hata mara moja, anaweza kushtaki vile vile. Hawahitaji kungoja maradhi yaje yawe ushahidi.

Kifungu cha 10 nacho kinataja maendeleo endelevu miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa anapotunga sera au kutekeleza sheria. Na Jedwali la Nne la Katiba linaondoa kisingizio cha kusukumiana kazi: uzoaji wa takataka, usimamizi wa majaa na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele ni majukumu ya serikali za kaunti.

Hukumu ambayo imekawia

Upanga huo ulichomolewa kuhusu jaa la Dandora. Walalamishi waliwasilisha ombi la kikatiba katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi mwaka 2019, wakilalamikia jaa hilo pamoja na uchafuzi wa mito ya Nairobi na Athi. Julai 2021, Jaji Kossy Bor alitoa hukumu. Mahakama iliona kwamba haki ya mazingira safi ilikuwa imekiukwa, ikaagiza jaa lifungwe na kuhamishwa katika muda wa miezi 6, na taasisi zinazohusika zichukue hatua za kuisafisha mito.

Kwenye karatasi, ulikuwa ushindi kamili. Lakini miezi 6 ilipita, na miaka ikafuata. Halmashauri ya huduma za jiji la Nairobi (NMS), iliyokuwa imekabidhiwa kazi ya kuzoa taka mwaka 2020, ilivunjwa mwaka 2022 na majukumu yake yakarudi kwa kaunti. Mwaka 2025 malori yalikuwa yangali yakipanga foleni kumwaga shehena zao Dandora.

Msomaji atauliza: basi Katiba ina faida gani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba hukumu haifi pamoja na taasisi iliyoamriwa. Majukumu yakirithiwa, na amri hurithiwa. Sheria ya 2011 iliyounda Mahakama ya Mazingira na Ardhi imefanya kukaidi amri zake kuwa kosa linaloweza kumletea mkaidi faini au kifungo. Mwenye hukumu anaweza kurudi mbele ya jaji na kuomba maafisa husika waitwe waeleze walichofanya, mwezi baada ya mwezi. Kasoro ni kwamba mahakama haina polisi wa kwenda kukagua jaa. Hungoja mtu arudi aseme: amri yako haijatekelezwa. Asiporudi mtu, hukumu hulala kabatini.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, na hapo inafaa tujifunze kwa majirani zetu wa kusini.

Fundisho la Tabata

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, mtaa wa Dar es Salaam, walilishtaki baraza la jiji lao kwa kumwaga takataka karibu na makazi yao. Kisa chao kilishabihiana na cha Dandora kwa kila hali: moshi, harufu, nzi na maradhi. Walishinda. Baraza la jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kulitumia jaa hilo. Mwaka 1991, Jaji Kahwa Lugakingira alikataa, akisema kwamba kuwaweka watu katika hatari ya uchafu ule kulikwenda kinyume cha kifungu cha 14 cha Katiba ya Tanzania, kinacholinda haki ya kuishi. Uamuzi huo ulitangulia ule wa Kiserian kwa miaka 15.

Lakini takataka ya Dar es Salaam haikupungua kwa sababu jaji ameandika hukumu. Jiji liliipeleka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, wakiongozwa na Festo Balegele na wenzake, nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, na Jaji Rubama akawapa ushindi. Taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

Wakazi wa Tabata walikuwa na haki, na wa Mtongani walikuwa na haki vile vile. Kilichokosekana ni mpango. Amri ya kufunga jaa, pasipo mpango wa kupunguza na kuchakata taka, huwa ni amri ya kuutoa uchafu kwa mwenye wakili na kuupeleka kwa asiye na wakili.

Nairobi imewahi kukutana na tatizo hilo. Ilipopendekezwa kwamba jaa lihamishiwe Ruai, mashariki zaidi ya Komarock, mamlaka ya viwanja vya ndege ilipinga kwa hoja kwamba ndege wanaovutiwa na takataka wangehatarisha safari za ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Hata pingamizi hilo lisingekuwapo, mkazi wa Ruai anayo haki ya kifungu cha 42 sawasawa na wa Dandora. Hapa ndipo neno "endelevu" linapopata uzito wake.

Isitoshe, wapo wanaoishi kwa jaa hilo. Maelfu ya watu huokota humo plastiki, chuma na chupa za kuuza. Mpango wowote wa kulifunga usiowatafutia njia nyingine ya riziki utakuwa unatetea haki moja na kuvunja nyingine.

Fidia inawezekana: Owino Uhuru

Isije ikadhaniwa kwamba kesi hizi zote huishia njiani. Huko Owino Uhuru, kijiji cha Mombasa chenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 na kueneza risasi katika udongo, maji na damu za watu. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe alikuwa na sumu hiyo mwilini, akaanzisha mapambano yaliyomletea tuzo ya Goldman mwaka 2015.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Katika kugawa lawama, mahakama hiyo iliitwika NEMA fungu kubwa kuliko wengine wote, kwani msimamizi anayetoa leseni kisha akafumba macho naye ni mshiriki. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo Juni 2023. Wanakijiji hawakukata tamaa. Desemba 2024, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo.

Funzo la Owino Uhuru kwa Eastlands ni la uvumilivu na la kumbukumbu. Wanakijiji walishinda kwa sababu walikuwa na vipimo vya damu, sampuli za udongo, barua walizoandika na tarehe za kuandikwa kwake. Katiba haidai ushahidi wa madhara ili mtu asikizwe, lakini fidia hailipwi bila ushahidi.

Mkazi afanye nini?

Tuseme basi wakazi wa mtaa mmoja wa Komarock wameamua kulifuata jambo hili, au jambo dogo zaidi kama vile gereji inayomwaga mafuta mtaroni, au klabu inayopiga muziki hadi alfajiri. Njia zilizopo ni hizi.

Kwanza, kuweka kumbukumbu. Daftari la tarehe, saa, picha na majina ya waathiriwa huwa na thamani kubwa baadaye kuliko malalamiko ya mdomo kwenye mkutano wa mtaa.

Pili, kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma akitaka nakala za leseni, ripoti za ukaguzi au mpango wa kuhamisha jaa. Ofisi hiyo inatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Ikikaa kimya, raia anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Tatu, kulalamika rasmi kwa idara ya mazingira ya kaunti na kwa NEMA, kwa maandishi. Sheria ya EMCA pia imeunda kamati maalum ya kuchunguza malalamiko ya umma kuhusu mazingira.

Nne, kupinga leseni mapema. Mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza bila tathmini ya athari zake kwa mazingira, na wakazi wana haki ya kusikizwa katika tathmini hiyo. Anayepinga uamuzi wa NEMA anaweza kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira katika muda wa siku 60. Jopo hilo ndilo lililoifuta, Juni 26, 2019, leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ni rahisi kuuzuia moshi kabla haujaanza kufuka.

Tano, mahakama. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaagiza kwamba taratibu za kudai haki za kimsingi zisiwe na masharti mengi, kwamba mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi, na kwamba kusiwe na ada ya kuwasilisha kesi ya aina hiyo. Mtu anaweza kushtaki kwa niaba yake, kwa niaba ya kundi, au kwa manufaa ya umma.

Njia hizi si fupi, na hakuna hata moja inayotembea yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Gunia letu wenyewe

Limebaki jambo moja, nalo halipendezi kulisema.

Takataka iliyoko Dandora haikushuka kutoka mbinguni. Ni maganda ya viazi, nepi za watoto, chupa za plastiki na betri za redio kutoka kila mtaa wa jiji hili, Komarock ikiwemo. Gunia linalochukuliwa mlangoni asubuhi huweza kurudi jioni likiwa moshi. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na sisi wenyeji wa mitaa yenye malango na walinzi tumezoea kuliona jaa kuwa kosa la kaunti peke yake.

Hapa ndipo ile sehemu ya pili ya kifungu cha 69 inapoingia. Wajibu wa kuyalinda mazingira ni wa kila mtu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imeupa wajibu huo umbo: taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza zisichanganywe na zisizooza, na watengenezaji bidhaa wawajibikie mabaki ya bidhaa zao. Sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni mabaki ya chakula, yanayoweza kugeuzwa mbolea. Zikitenganishwa mlangoni, kinachohitaji jaa hupungua, na jaa likipungua, kulihamisha hakutakuwa tena kumkabidhi jirani mzigo wetu. Tabata ilishinda kesi bila kulipata jibu hilo.

Utii wa mwananchi, hata hivyo, hauwezi kuwa kisingizio cha kaunti. Taka zilizotenganishwa mlangoni zikitiwa katika lori moja, kazi ya mwenye nyumba imekuwa bure. Hilo nalo ni jambo ambalo mkazi ana haki ya kuliuliza kwa barua, na kujibiwa katika siku 21.

Mwaka 1989 mwananchi aliyejali mazingira aliondoka mahakamani akiwa ameambiwa hayamhusu. Leo anaingia akiwa na Katiba mkononi, na anayetakiwa kujieleza ni afisa. Umbali huo ulisafiriwa na watu wa Nairobi, Kiserian na Owino Uhuru ambao hawakuwa na nguvu nyingine ila barua, subira na ukaidi. Hukumu ya 2021 bado haijafutwa na jaa halijafungwa. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi, na nafasi hiyo inangoja mtu wa Komarock aliye tayari kurudi kwa jaji na daftari lake.